Nusu ya Akiba Haiguswi

Jua la tarehe kumi na sita Agosti lilikuwa linazama pale Urasaki, mji mdogo wa wavuvi, na Mitsue Nagakura alikuwa amechutama langoni kwake akipanga vijiti vikavu juu ya kigae. Ilikuwa siku ya mwisho ya Bon, sikukuu ya wafu. Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na moto wake mdogo wa kuwaaga marehemu waliokuja kutembea, na harufu ya ubani ilikuwa imejaa njia nzima. Mitsue alikuwa ndiyo kwanza ameshika kiberiti. Simu ikalia.

"Bi Mitsue, niletee funguo za chumba cha baridi."

Alikuwa Profesa Tateishi.

"Leo, Profesa? Leo kumi na sita. Watu wanaaga wafu wao."

"Waage upesi uje. Wafu hawana haraka, mimi ninayo."

Akakata simu. Ndivyo alivyokuwa mzee yule wa mji mkuu, elimu pishi, adabu kibaba.

Mitsue akawasha moto wake wa harakaharaka, akauzima kwa maji kabla haujaisha, jambo ambalo mama yake angemchapia. Akaingia ndani kuchukua funguo. Kando ya mlango ulining'inia upawa wa marehemu baba yake, aliyekuwa mvuvi wa samaki waitwao sehewa. Ulikuwa upawa wa mti wa kutekea maji, wenye mpini mrefu, na kitako chake kilikuwa kimetobolewa makusudi. Kila chombo cha Urasaki kilikuwa na upawa wa namna hiyo. Baba alikuwa akisema kwamba waliokufa majini hawaombi chakula wala nguo, huomba upawa. Ukiwanyima, watakasirika. Ukiwapa mzima, watakutekea bahari mpaka uzame. Wape uliotoboka, wateke mpaka wachoke.

Mitsue akaupita, akapanda baiskeli. Laiti angeuchukua.

Njiani ilimlazimu kupita kwa Mama Iwasa. Mwaka mzima alikuwa akizunguka njia ya mbali ili asipite pale, lakini leo Profesa alikuwa anasubiri. Mbele ya nyumba ilining'inia taa nyeupe ya karatasi, taa ya mtu ambaye hii ni Bon yake ya kwanza tangu afe. Chini ya taa alisimama mama mwenyewe, mwembamba, mikono ameifumbata.

"Dada Mitsue! Hata leo kazini?"

"Profesa ananiita, mama."

"Taa nimewasha siku zote nne. Hajaja." Akaonyesha kibao kidogo cha matoleo. Juu yake alisimama farasi wa tango mwenye miguu ya vijiti, yule anayewekwa ili marehemu ampande aje nyumbani mbio. "Huyu namwelekeza mlangoni kila jioni. Kila asubuhi namkuta amegeuka, anatazama kule." Akainua kidevu kuelekea kilimani. "Na amelowa chapachapa. Ng'ombe wa biringani wa kumrudisha hata sijamtengeneza. Wa nini, na mgeni mwenyewe hajafika?"

Kule kilimani lilikuwako jengo moja tu. Ghala la tope, alikofanya kazi Mitsue.

Kisha Mama Iwasa akafanya lile ambalo Mitsue alikuwa akilikimbia mwaka mzima. Akainama, kichwa chini kabisa. "Na unisamehe tena, dada, kwa usumbufu aliowapa mwanangu."

Mitsue akajibu neno lisiloeleweka, akapiga pedali. Machozi yalimtoka kabla hajafika kona.

Niwaeleze mapema, msije mkamhurumia Mitsue bure. Sawa Iwasa alikuwa binti wa miaka ishirini na tisa, mtafiti katika meli ya Profesa Tateishi. Alipotea baharini tarehe kama hiyo mwaka uliopita, na mwili haukuonekana. Taarifa ya uchunguzi ilisema hakufunga kamba yake ya usalama. Uzembe wa marehemu. Na kwa kuwa pale Urasaki mtu akiwaletea wenzake balaa ni wajibu wa ndugu zake kuomba radhi, mama mfiwa alizunguka nyumba hadi nyumba na maboksi ya keki za maharage matamu, akiinama mbele ya kila aliyekuwamo melini. Mitsue naye alipokea boksi lake kwa mikono miwili. Alikula zote kumi na mbili, maana kutupa chakula cha mfiwa ni dhambi, na kila moja ilimkaba kooni.

Zilimkaba kwa sababu Sawa alikuwa amefunga kamba. Mitsue aliiona kwa macho yake.

Walikuwa watatu nyuma ya meli jioni ile. Wavuvi walikwisha kuonya kwamba tarehe kumi na sita hakuendwi baharini, kwa kuwa ndiyo siku wafu wanarudi kwao kwa njia ya maji. Profesa akacheka. Nahodha alikuwa ametundika upawa uliotoboka ukingoni, Profesa akautupa kwenye pipa la taka, akasema meli ya sayansi haibebi vyombo vibovu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mara nyingine guu linalovunjika si lake.

Bomba la kuchimbia lilikuwa limeshapanda kutoka sakafu ya bahari, zito, limejaa tope la miaka laki na zaidi, tope ambalo Profesa alikuwa amelitafuta nusu ya umri wake. Wimbi likapiga. Bomba likayumba, likamsukuma Sawa nje ya ukingo. Kamba yake ilimshika, lakini ikabanwa kati ya bomba na ubavu wa meli. Akaning'inia nje, mawimbi yakimpita juu ya kichwa. Mitsue alikuwa ameshika mkono wa chuma wa kufungulia bomba. Angeuvuta, bomba lingedondoka baharini na kamba ingekuwa huru.

"Usivute!" Profesa alipiga kelele. "Tope langu! Ngoja winchi ilisogeze!"

Mitsue akangoja. Alihesabu bila kutaka. Kumi na saba, kumi na nane... Kamba ikakatika. Kwenye chuma cha ukingo ilibaki kulabu na kipande cha kamba, imefungwa barabara, na utepe wenye jina la Iwasa. Profesa akaifungua, akaitupa majini. Akamgeukia Mitsue, akamwambia kwa upole kabisa, "Hakufunga. Si ndiyo?"

Naye akaitikia ndiyo. Mpaka leo.

Ghala lilikuwa kimya. Wafanyakazi wote walikuwa likizo, na ndiyo maana Profesa aliichagua siku hiyo. Chumba cha baridi hakina dirisha. Mle ndani joto ni nyuzi nne, asubuhi, jioni, kiangazi na masika, na rafu zimepanda mpaka darini zikiwa na miche ya tope, mirefu kama miche ya sabuni, kila mmoja ndani ya ganda lake la plastiki. Tope la juu ni la jana. Kadiri unavyoshuka ndivyo unavyorudi nyuma, mpaka enzi za barafu, mpaka enzi za joto kabla ya barafu. Ndani yake mna vijiganda vya viumbe wadogo kuliko punje ya chumvi, na anayejua kuvisoma atakuambia bahari ilikuwa ya moto lini na ya baridi lini.

Sawa alikuwa na mchezo wake. Kila alipovuta mche kutoka kwenye rafu aliinama, akasema, "Shikamoo, bibi." Mitsue alipomcheka alijibu, "Kwani uongo? Huyu ana miaka laki. Wewe dada yangu una mingapi?"

Kila mche hupasuliwa kwa urefu. Nusu moja ni ya kazi, hiyo hukatwakatwa na kupimwa mpaka iishe. Nusu ya pili ni ya akiba. Hiyo haiguswi na yeyote, ili siku mtu akitia shaka juu ya maneno ya wenzake, ushahidi uwepo. Mitsue aliwahi kumfukuza mgeni mkubwa wa wizara kwa kunyoosha kidole tu kuelekea nusu ya akiba. Ndiyo fahari pekee iliyokuwa imembakia.

"Nipe namba saba, nusu ya akiba," Profesa akasema. Namba saba ndiyo mche uliopanda jioni ile aliyopotea Sawa. Alikuwa ameshavaa glavu na koti zito.

"Haiguswi, Profesa."

"Unanifundisha kazi?"

"Sheria wewe ndiye uliyeiandika."

"Basi naifuta." Akamsogezea kichupa. "Tazama. Hii nimetoa kwenye nusu ya kazi, mita saba chini. Miaka laki moja na ishirini na tano elfu."

Ndani ya kichupa mlikuwa na unywele. Mweusi, mrefu, umejikunja mara nyingi.

"Wiki iliyopita ulikuwa mmoja," akasema. "Jana saba. Leo nimeacha kuhesabu. Mzembe wenu mmoja hapa hafungi nywele, ananiharibia tope. Wiki ijayo nasimama mkutanoni mbele ya dunia nzima. Nataka tope safi."

"Sisi sote hapa tuna nywele fupi, Profesa."

Profesa akaelekeza kidole kwenye rafu. Mitsue akaleta mche, kama alivyozoea kutii, akaulaza mezani. Alijua kitu kimoja ambacho Profesa alikuwa amekisahau. Mche ule ulipopigwa picha ya mionzi kabla ya kupasuliwa, ndani ya mita ya saba kulionekana doa jeusi lenye umbo la kupinda. Aliliangalia kwa muda mrefu siku ile. Kisha akaandika kwenye kitabu, *jiwe*.

Wakafungua karatasi ya kuzibia. Harufu ikawapanda puani, ile ya yai viza ambayo tope la kina huwa nayo. Lakini chini yake kulikuwa na harufu nyingine.

Ubani.

Profesa akachoma kijiko. Kikagota. Akachokonoa, akavuta, na tope likatoka limeshikamana na nywele, shungi zima, limefungika kwenye chuma. Akakisuuza kwa maji ya karai. Kulabu. Imefungwa barabara. Kipande cha kamba ya rangi ya machungwa. Utepe.

Iwasa.

Mashine ya baridi ilinguruma peke yake.

"Nani ameichomeka humu?" Profesa akanong'ona.

"Uliitupa baharini mwenyewe. Tope lilikuwa limeshapanda, liko ndani ya bomba. Ingeingiaje?"

"Funguo nani anazo?"

"Mimi."

"Basi ni wewe!"

"Kama ni mimi, nitaapa mbele ya yeyote kwamba ni mimi." Mitsue akanyoosha mkono. "Ila hiyo nipe. Nampelekea mama yake. Mwaka mzima yule mama anaomba radhi kwa kosa letu."

Profesa akacheka kidogo, akaitia kulabu mfukoni mwa koti. "Mpelekee. Na ukifika umwambie nani alikuwa ameshika mkono wa kufungulia. Mimi nilisema usivute. Maneno tu. Mkono ulikuwa wa nani, Bi Mitsue?"

Njia ya mwongo ni fupi, na Mitsue alikuwa amefika mwisho wake pale pale, mbele ya meza ya tope.

"Uliandika jiwe," Profesa akasema, akiinama tena na kijiko. "Basi ni jiwe. Tuendelee."

Tone.

Mitsue akageuka. Chumba kile hakina bomba la maji.

Tone... tone... Kutoka nyuma ya rafu za mwisho. Kisha hatua za mtu aliyevaa viatu vilivyojaa maji, zikija bila pupa kwenye ujia kati ya rafu. Taa ya mwisho ikazimika. Ya pili yake ikafuata. Miche ya tope ikaanza kugongana kwenye rafu, polepole, ku... ku... ku... kama meli ikipanda wimbi.

Profesa hakuinua kichwa. "Acha kuchezea taa."

Mitsue alitaka kumwambia kwamba hajasogea. Alikuwa mbele yake, upande wa pili wa meza.

Ikaja sauti, karibu, ya adabu kama zamani.

"Shikamoo, dada."

Mitsue hakuitika. Nani angeitika?

"Samahani... naomba upawa."

Kando ya karai kulikuwa na upawa wa plastiki wa kumwagia maji kwenye waya wa kukatia tope. Mzima, mpya, wa dukani. Profesa akadhani ni Mitsue anayeutaka. Akauchukua kwa mkono wa kushoto, akaunyoosha nyuma ya mgongo wake bila kutazama.

"Shika, na uache kunisumbua."

"Profesa, usi..."

Mitsue alikuwa amechelewa. Mpini ukatoka mkononi mwake taratibu. Uliupokea mkono, kisha mkono wa pili, kama mtu aliyelelewa vizuri anavyopokea kitu kwa mkubwa. Vidole vilikuwa vya rangi ya tope.

"Ahsante, Profesa."

Hapo ndipo Profesa alipotambua. Uso wake ukapauka.

Kikasikika kitu kikitekwa. Chwaa. Kikamiminwa. Sakafu ilikuwa kavu, Mitsue aliiona, kavu kabisa. Lakini Profesa alikohoa, akaleta mkono mdomoni, na maji yakampita katikati ya vidole.

Chwaa.

Akashika meza. Macho yalimtoka. Alijaribu kusema neno, yakatoka maji ya kijivu.

Chwaa.

"Ngoja," sauti ile ikamwambia kwa upole. "Ngoja winchi ilisogeze."

Mitsue akakimbia. Mlango wa chumba cha baridi ni mzito, mkono wake wa chuma huvutwa kwa nguvu za watu wawili siku nyingine. Akaning'inia kwenye chuma kile. Akavuta. Nyuma yake mtu alikuwa akitapatapa juu ya sakafu kavu, mfano wa samaki ndani ya mashua, na upawa ulikuwa hauharakishi. Kumi na saba. Kumi na nane. Alijikuta anahesabu tena.

Kukawa kimya.

Kisha pumzi ya baridi ikamgusa sikio, yenye chumvi na ubani.

"Dada Mitsue. Na wewe, naomba upawa."

Angefanya nini? Upawa wa baba ulikuwa nyumbani, ukutani. Akapapasa kwenye rafu ya pembeni, mkono ukaangukia kipande cha ganda tupu la plastiki, urefu wa mkono mmoja, wazi huku na wazi kule. Akakinyoosha nyuma amefumba macho. Kikapokewa. Mikono miwili.

Akasikia kikiteka. Hakuna kilichomiminika. Kikateka tena. Na tena. Ganda tupu halishiki maji.

Halafu sauti ikasema, chini sana, na haikuwa na hasira. Hilo ndilo lililomuumiza Mitsue kuliko yote.

"Dada... hata leo?"

Mlango ukafunguka. Akaangukia nje, kwenye joto la Agosti, na chini mjini mioto ya kuaga ilikuwa ndiyo inamalizikia.

Baiskeli yake ilikuwa pale alipoiegemeza. Kwenye usukani ilikuwa imefungwa ile kulabu aliyoitia Profesa mfukoni, ikiwa na kipande cha kamba ya rangi ya machungwa. Imefungwa barabara, kama anavyofunga mtu anayejua.

Polisi walikuta sakafu kavu na Profesa amelala karibu na meza. Daktari Kuwata wa hospitali ya mji alikuwa mtu mzima, ameona wengi waliokufa maji, lakini siku ya tatu alikuja mwenyewe ghalani na kichupa mkononi, akaomba kukaa.

"Haya nimeyatoa mapafuni mwake. Maji ya bahari na tope. Nani atanieleza? Mtu kafa maji juu ya sakafu kavu, kilimani! Labda ninyi mtajua angalau tope hili ni la wapi."

Mitsue akaweka tone chini ya hadubini. Vijiganda vilikuwamo, vizima, vyeupe, vizuri. Vilikuwa vya aina ya maji ya moto, ambavyo tangu aanze kazi hakuwahi kuviona kwenye tope la juu la bahari ya Urasaki. Alivijua. Alikuwa amevihesabu mwaka mzima. Vilikuwa vya mita ya saba.

"Ni la zamani, daktari," akasema.

"Zamani ya lini?"

Akamwambia. Daktari akamtazama, akatazama kichupa, akachukua kofia yake. Hakukitaka tena kichupa kile.

Jioni ile Mitsue alikwenda kwa Mama Iwasa. Aliingia, akapiga magoti juu ya mkeka mbele ya picha ya Sawa, akaiweka kulabu sakafuni, akainama mpaka paji la uso likagusa chini. Akasema yote. Wimbi, bomba, mkono wa kufungulia, zile hesabu, uongo. Hakujipunguzia hata kidogo. Alipomaliza alibaki ameinama, maana hakuthubutu kuinuka.

Mama Iwasa akaichukua kulabu, akaichezesha, ikafunguka na kujifunga. Kach.

"Kwa hiyo alifunga."

"Alifunga, mama."

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Ana miaka sita, kwenye mashua ya baba yake." Kach. "Na mimi nikazunguka mtaa mzima nikiinamisha kichwa."

"Ndiyo, mama."

"Keki ulikula?"

"Nilikula."

"Zilikuwa tamu?"

Mitsue alilia kwa sauti. Mama akangoja mpaka amalize. Alitaka jibu.

"Zilikuwa tamu, mama."

"Vizuri. Nilizioka mwenyewe."

"Kesho asubuhi nakwenda polisi. Nitaandika upya maelezo yote."

"Nenda. Hilo ni la serikali." Mama akaiweka kulabu mbele ya picha, akaweka sawa kijiti cha ubani. "Hili ni letu. Alikuomba upawa?"

Mitsue akainua uso. Habari za upawa hakuwa amezitaja.

"Aliniomba."

"Ukampa upi?"

"...Usio na kitako."

"Mtoto wa mvuvi wewe," mama akasema, na karibu atabasamu.

Akainuka, akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa na furushi lililofungwa kwa kitambaa cha zambarau, kitambaa kilekile alichofungia keki mwaka uliopita. Akalifungua taratibu, pindo baada ya pindo. Ndani mlikuwa na upawa mpya wa mti, mpini mrefu, umesuguliwa ukang'aa. Kitako chake kilikuwa kizima.

"Mwakani, kumi na sita," akasema, "akija, mpe huu."

Mitsue aliutazama. Angeweza kukataa. Angeweza kuinuka na kukimbia, kuhama mji, kwenda mahali pasipo na bahari. Lakini akanyoosha mikono yote miwili, akaupokea, akainamisha kichwa.

"Ahsante, mama."

Huko polisi Mitsue aliwaandikia kila kitu, akaweka sahihi. Gazeti la mji likaandika jina la Sawa bila neno uzembe. Kazini alifukuzwa, naye hakubisha. Siku ya mwisho aliifunga nusu ya akiba ya mche ule kwa karatasi mpya, na pale mita ya saba tope lilikuwa na shimo lenye umbo la kulabu. Akaliacha hivyo hivyo, akairudisha rafuni.

Pawa mbili zimening'inia kando ya mlango wake sasa. Ule wa baba ni mkavu siku zote. Ule mpya, kila asubuhi anaukuta na maji kitakoni, kiasi cha funda moja. Huyamwaga. Kesho yake yamo. Siku moja alichovya kidole akaonja, akatema. Yalikuwa ya chumvi.

Na Bon imefika tena. Jana, tarehe kumi na tatu, Mitsue alipita kwa Mama Iwasa. Taa ilikuwa inawaka. Mama alikuwa amechutama mbele ya kibao cha matoleo akimsimamisha farasi wa tango, akimgeuza kwa vidole viwili, kwa uangalifu, mpaka akaridhika. Mwaka huu farasi hakuelekezwa kilimani, wala hakuelekezwa mlangoni pa mama.

"Dada Mitsue," mama akamwita kwa upole, "usifunge lango."

Pua ya farasi ilikuwa imeelekea chini ya mtaa, nyumbani kwa Mitsue Nagakura.